Kompaila iliyozoea mashine moja

Swali: Mwalimu, shikamoo. Nimeandika kompaila (programu inayotafsiri msimbo kuwa amri za mashine) ya lugha yangu ndogo. Ina namba kamili, namba za desimali, miundo ya data, fanksheni na vitanzi, na inaweza kuita maktaba za C. Inatembea kwenye mti wa sintaksia (muundo wa programu iliyokwisha somwa) na kuandika asembli (amri za mashine kwa maandishi) ya x86-64, yaani prosesa za Intel na AMD, moja kwa moja, kisha asembla na kiunganishi vinamalizia. Sasa nataka itoe msimbo wa AArch64 (ARM ya biti 64) na wa RISC-V (aina nyingine ya prosesa) pia. Nilianza kuweka "kama mashine ni hii andika hivi, la sivyo andika vile" kila mahali, nikafika theluthi ya kazi nikachoka. Niendelee hivyo, nitupe yote nihamie LLVM (mkusanyiko wa zana za kujengea kompaila), au kuna njia ya tatu? Na nianze na mashine ipi?

Jibu: Marahaba. Hizo "kama" ziache leo hii, hata kama umebakiza chache. Zinakudanganya kuhusu kazi yenyewe. Ukiendelea nazo utaamini kwamba mashine hutofautiana kwa majina ya amri, kwamba palipokuwa na `imul` ukiweka `mul` mambo yamekwisha. Majina ya amri utayapata kwenye mwongozo wa prosesa kwa jioni moja. Tabu iko kwingine: kompaila yako imelelewa na x86-64, imechukua tabia zake zote, na haijui kwamba hizo ni tabia za mlezi mmoja. Inadhani dunia nzima iko hivyo.

Sijauona msimbo wako, lakini nina hakika na sehemu moja. Ukitafsiri a + b kwa kutembea mti, unakokotoa a, unaisukuma kwenye staki (rundo la muda ndani ya kumbukumbu) kwa `push`, unakokotoa b, kisha unairudisha a kwa `pop` na kujumlisha. AArch64 haina `push`. Utasema sawa, nitajifanyia mwenyewe: nishushe `sp` (rejista, yaani kihifadhi kidogo ndani ya prosesa, inayoonyesha kilele cha staki) kwa baiti 8, nihifadhi rejista. Programu itakufa hapo hapo, kwa sababu `sp` lazima igawanyike kwa 16 kila inapotumika kufikia kumbukumbu. Kwa hiyo kila namba ya baiti 8 unayoisukuma inakula baiti 16, na popote ulipohesabu kwa nane nane pameharibika.

Angalia na mwito wa fanksheni. Kwenye x86-64 amri ya `call` huweka anwani ya kurudi kwenye staki, ndiyo maana kompaila yako "inajua" kwamba hoja ya saba (hoja ni thamani inayopewa fanksheni) iko `rbp+16`. Kwenye AArch64 amri ya `bl` huiweka anwani hiyo kwenye rejista `x30`, RISC-V huiweka kwenye `ra`, staki haiguswi. Fanksheni inayoita nyingine ndiyo yenye wajibu wa kuihifadhi rejista hiyo. Ikisahau, ikifika mwisho itarudi kweli, ila itarudi ndani yake yenyewe, hatua moja baada ya mwito wake wa mwisho, na kuzunguka palepale.

Halafu kuna ulinganishi. x86 hulinganisha kwa amri moja, matokeo yakakaa kwenye bendera (biti za hali ndani ya prosesa), na amri ya baadaye ikaruka kwa kuzitazama. RISC-V haina bendera kabisa: amri moja hutazama rejista mbili na kuruka papo hapo. Kama kompaila yako ina kipande kinachotoa "linganisha" na kingine, mbali kidogo, kinachotoa "ruka", basi umeiandika x86 ndani ya sehemu uliyodhani haina habari na mashine.

Jambo hili liliwahi kuniuma vibaya. Miaka ya nyuma nilikuwa nahamisha kompaila ya kampuni moja kwenda AArch64. Kwenye x86-64 ya Linux, rejista za desimali hazina mwenyewe: fanksheni unayoiita inaweza kuzifuta zote, `xmm0` hadi `xmm15`, na ni juu yako uliyeita kujilinda. Nilipohamia AArch64 nikahifadhi `x19` hadi `x28` kwa nidhamu, nikaona nimemaliza, na majaribio yote yakapita. Wiki kadhaa baadaye programu moja ikaanza kutoa jumla za ajabu, mara sahihi, mara upuuzi. Siku nne nilitafuta kosa kwenye hesabu. Kumbe programu ya C ilikuwa inaita fanksheni yetu ndani ya kitanzi huku jumla yake ikiwa imekaa kwenye `d8`, yaani biti 64 za chini za `v8`, na kanuni za AArch64 zinasema biti 64 za chini za `v8` hadi `v15` ni amana: ukizigusa, zirudishe ulivyozikuta. Sisi tulizigusa tukaondoka. Sikuwa na jaribio hata moja ambalo C inatuita sisi. Katika yote, sisi ndio tuliokuwa tukiiita C.

Tangu hapo naanza mashine mpya kwa kanuni za kuitana (hoja zipite wapi, rejista zipi zirudishwe), kabla ya amri yoyote. Soma hati ya kanuni hizo ukurasa kwa ukurasa, na usisome ya prosesa tu, maana prosesa moja inaweza kuwa na kanuni mbili. x86-64 kwenye Linux hupitisha hoja sita za kwanza za namba kamili kwa `rdi`, `rsi`, `rdx`, `rcx`, `r8` na `r9`. Kwenye Windows, prosesa ileile, ni nne tu: `rcx`, `rdx`, `r8`, `r9`, na mwitaji lazima aache baiti 32 za nafasi kwenye staki. Miundo ya data ndiyo balaa zaidi. Chukua muundo wenye namba tatu za desimali za baiti 8, baiti 24 kwa jumla, na uipitishie fanksheni ya C. Kwenye Linux ya x86-64 unanakiliwa kwenye staki. Kwenye AArch64 namba hizo tatu zinaingia kwenye rejista tatu za desimali, `v0` hadi `v2`. Kwenye RISC-V ya biti 64 inapitishwa anwani ya nakala tu. Muundo mmoja, njia tatu, na hakuna "kama" itakayokaa vizuri katikati ya kutembea mti ikayabeba yote hayo.

Sasa njia ya tatu uliyoiuliza. Kata kompaila katikati, uweke lugha ya kati. Wazo ni la zamani: mwaka 1958 kamati ya SHARE, chama cha watumiaji wa kompyuta za IBM, ilipendekeza UNCOL, lugha moja ya kati ambayo lugha zote zingetafsiriwa kwenda kwayo, na kutoka hapo kwenda mashine zote. Lugha 5 na mashine 4 zingehitaji vipande 9 badala ya kompaila 20. UNCOL haikufika popote. Kwa maoni yangu ilitaka kumridhisha kila mtu. Waliofaulu walitaka kidogo. BCPL ya Martin Richards ilihama kwa O-code, na miaka ya 1970 kundi la Niklaus Wirth pale Zurich lilieneza Pascal kwa P-code, lugha ya mashine ya kufikirika yenye staki: mwenye kompyuta mpya aliandika programu ndogo ya kuiendesha P-code, na kompaila nzima ikamfuata. Wewe una lugha moja na mashine tatu. Lugha yako ya kati haina wa kumridhisha ila wewe.

Ifanye bapa: orodha ya amri ndogo, kila moja hatua moja, juu ya rejista bandia zisizo na kikomo. Kitu kama hiki:

    t1 = pakia64 x
    t2 = jumlisha64 t1, 7000
    ruka_kama_ndogo64 t2, t3, L4

Ukubwa uko ndani ya jina la amri, kwa hiyo hakuna anayekisia. Kulinganisha na kuruka nimeviweka pamoja makusudi. Kugawa amri moja kuwa mbili kwa ajili ya x86 ni mistari miwili ya msimbo. Kuziunganisha mbili zilizokwisha kuachana kwa ajili ya RISC-V ni upelelezi. Kanuni hiyo ninaitumia kila ninapokwama: lugha ya kati ibebe maana nzima, mashine ndiyo iikate vipande.

Maana yenyewe lazima uiandike, hata ukurasa mmoja, kwa sababu hadi leo umeiachia x86 ikuamulie. Namba kamili ikigawanywa kwa sifuri inakuwaje? x86 husimamisha programu. AArch64 hutoa 0 na kuendelea kama kwamba hakuna kilichotokea. RISC-V hutoa biti zote moja, yaani -1 ukiisoma kama namba yenye alama. Hakuna iliyokosea; lugha yako ndiyo ambayo haijasema. Ukiamua kwamba programu isimame, sehemu ya AArch64 na ya RISC-V zitaongeza ukaguzi kabla ya kugawa, na ya x86 haitauhitaji.

Chini ya mstari huo kila mashine iwe na faili lake, na sehemu ya juu isilitaje jina la rejista hata moja. Ihojiane na mashine kwa maswali: kielekezi kina baiti ngapi, namba hii inaenea ndani ya amri ya kujumlisha, hoja ya tatu ya desimali inakaa wapi, rejista zipi ni amana. Masharti ya pekee yabaki nyumbani kwao. Kugawa kwenye x86-64 kunataka `rax` na `rdx`, kusogeza biti kwa kiasi kisichojulikana mapema kwa amri za kawaida kunataka `cl`, na `add` hufuta mojawapo ya namba ilizopewa. Faili la x86 liyaeleze hayo kwa kuongeza amri za kunakili kabla ya kugawa rejista, mashine nyingine zisisikie habari hiyo kamwe.

Kigawa rejista, kinachoamua rejista bandia ipi ikae kwenye rejista ipi halisi, kiandike mara moja tu, ukikikabidhi orodha: x86-64 ina rejista 16 za kawaida pamoja na `rsp`, AArch64 ina 31, RISC-V ina 32 ambazo `x0` kati yake ni sifuri daima. Gregory Chaitin wa IBM alionyesha mwaka 1981 namna ya kulifanya kwa kupaka grafu rangi. Kwako inatosha ile mbinu ya mwaka 1999 ya Poletto na Sarkar, ya kupitia muda wa uhai wa kila rejista bandia kwa mstari, mara moja. Itakuchukua siku chache, na itafuta zile `push` na `pop` zote nilizoanza nazo.

Usishawishike kubuni lugha ya kuelezea mashine. GCC, tangu mwaka 1987, ina mafaili ya maelezo ya mashine, na LLVM ina TableGen, lakini hizo zinahudumia mashine kwa makumi. Kwa mashine tatu, fanksheni za kawaida ndani ya mafaili matatu zinasomeka vizuri zaidi, na ukipata kosa unajua mahali pa kuweka kidole.

Nirudi kwenye swali la "namba hii inaenea?", maana ndilo litakalokuchosha. x86-64 hubeba namba ya biti 32 ndani ya amri nyingi, kwa hiyo hujawahi kuwaza. Amri ya kawaida ya RISC-V ina biti 32 nzima nzima, na `addi` ina nafasi ya biti 12 zenye alama: kuanzia -2048 hadi 2047. Ukitaka 7000 kwenye rejista unatumia `lui`, inayojaza biti 20 za juu, kisha `addi` kwa biti 12 za chini. 7000 ni 4096 na 2904, basi unaandika `lui` kwa 1 na kuzibandika biti za 2904 kwenye `addi`. Matokeo? 2904. Biti hizo 12 zina alama, na 2904 ikisomwa humo ni -1192. Ukitoa 1192 kwenye 4096 unabaki na 2904. Dawa ni kuongeza 2048 kabla ya kukata biti 12:

    lui   a0, 2
    addi  a0, a0, -1192

8192 kutoa 1192 ni 7000. Najua utaniambia asembla ina `li a0, 7000` inayoyafanya haya yenyewe. Ni kweli, itumie. Ila haitakuokoa siku mtu atakapoweka safu ya baiti 10,000 ndani ya fanksheni. Hapo kigeu kinakaa umbali wa -7000 kutoka `s0` (rejista inayoshika mwanzo wa eneo la fanksheni kwenye staki), na `ld a0, -7000(s0)` asembla inaikataa. Unahitaji rejista ya kukokotolea anwani, na wakati huo rejista zote zimekwisha gawiwa. Mimi huweka moja kando tangu mwanzo, `t6` kwa mfano, haipewi mtu. Wapo watakaosema ni ubadhirifu. Rejista ziko za kutosha, na usiku nimelala.

Kuhusu LLVM. Chris Lattner aliianza akiwa Chuo Kikuu cha Illinois mwaka 2000, na leo inabeba lugha nyingi kubwa kwa sababu nzuri: uboreshaji wake hutaufikia peke yako. Kama unachotaka ni lugha ambayo watu waitumie mwakani, hamia huko bila kuona haya. Kama unataka kitu chepesi zaidi kuna QBE, ambayo ni ndogo kiasi cha kuweza kuisoma na inaziandikia mashine zako zote tatu. Kutoa C nako si aibu. Kompaila ya kwanza ya C++ ilikuwa ikitoa C. Lakini usihamie LLVM ukidhani unazikwepa kanuni za kuitana. Ule muundo wa desimali tatu, LLVM haikuamulii upitishwe vipi kama C inavyotaka: sehemu ya mbele ya kompaila ndiyo inayopaswa kuukata kulingana na mashine, na ndivyo Clang, kompaila ya C iliyojengwa juu ya LLVM, inavyofanya. QBE angalau hiyo inakubebea. Kwa hiyo hata ukiondoka, karibu nusu ya niliyosema hapo juu unaondoka nayo. Na kama lengo lako ni kujifunza, nionavyo kwa jinsi ulivyouliza, bakia na yako.

Majaribio. QEMU, programu inayoiga prosesa nyingine, itakuendeshea programu za AArch64 na RISC-V kwenye kompyuta uliyo nayo, bila kununua kitu. Tahadhari moja: kama lugha yako ina nyuzi (sehemu za programu zinazokwenda sambamba) zinazoshirikiana kumbukumbu, x86 ina mpangilio mkali wa kusoma na kuandika, ARM ina mlegevu, na ukiiga ARM juu ya x86 makosa ya aina hiyo yanaweza yasijitokeze kamwe. Hayo yanataka chuma chenyewe.

Andika programu ndogo inayobuni saini za fanksheni ovyo ovyo, hoja kumi na mbili mchanganyiko wa namba kamili, desimali na miundo. Nusu ya fanksheni hizo itafsiriwe na kompaila yako, nusu na kompaila ya C, na ziitane pande zote mbili. Kisha ongeza kipande cha asembli kinachojaza rejista zote za amana kwa namba unazozijua, kinaita fanksheni yako, na kukagua kama zimerudi zilivyokuwa. Kipande hicho kingeniokolea zile siku nne. Ubahatishaji wa namna hii usiudharau: watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah waliripoti mwaka 2011 kwamba Csmith, chombo chao cha kubuni programu za C ovyo, kilikuwa kimefichua zaidi ya makosa 325 yasiyojulikana kwenye kompaila ambazo watu walikuwa wakiziamini.

Mpangilio wa kazi basi. Kwanza usiguse mashine mpya. Hamishia x86-64 yako ileile juu ya lugha ya kati, mpaka majaribio yote ya zamani yapite tena. Ni kazi isiyo na furaha, hakuna kipya cha kumwonyesha mtu, lakini ukiiruka hutajua kosa ni la lugha ya kati au ni la mashine mpya. Baada ya hapo anza na RISC-V, hata kama ARM ndiyo unayoitaka zaidi. Haina bendera, haina `push`, amri zake ni chache, na iko mbali na x86 kuliko hiyo nyingine, kwa hiyo itakung'olea tabia nyingi zaidi kwa mkupuo mmoja. AArch64 ikifuata utakuta nafasi zake nyingi zimeshaachwa wazi.

Programu ya kwanza iwe fanksheni inayorudisha 42. Ya pili iite `puts`, fanksheni ya C ya kuchapisha mstari, uone kama umekumbuka kuihifadhi `ra`. Ya tatu iwe na hoja kumi: RISC-V hupitisha nane kwa rejista, `a0` hadi `a7`, na hizo mbili zinazobaki kwenye staki ndizo zitakazokuambia kama ile `rbp+16` bado imejificha mahali.